Kurudisha mikoko na uvuvi wa horini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwenye mikutano ya vikundi, magrupu ya WhatsApp na pale diko wavuvi wanaposhusha samaki. Mengi yanarudi yale yale kila mwaka kwa hiyo bora yakae sehemu moja. Yanahusu pwani yetu ya Kenya na Tanzania, kuanzia Lamu kushuka mpaka Rufiji na visiwani. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Kabla ya kugusa mche", maana hiyo ndo watu wanairuka na ndo inaua miche kuliko kitu kingine chochote.

## Mambo ya mwanzo

Mikoko inahusiana nini na samaki? Si wako baharini?

Wako baharini ndio, ila wengi hawakulelewa huko. Chukua kamba. Mama anataga nje kwenye maji mengi, mtoto akiangua anasukumwa na maji mpaka anaingia kwenye mlango wa mto, anakaa miezi kadhaa kwenye tope na mizizi anakula na kujificha, alafu akishakua anarudi nje na huko ndo anakutana na nyavu. Kaa wa matope yeye anaishi mikokoni mpaka anakuwa mkubwa, lakini jike akibeba mayai anatoka kwenda bahari ya nje kutaga na watoto wanarudi wenyewe. Chaa, mkizi, tasi, changu, utawakuta wadogo wadogo humo humo maji yakijaa.

Ndo maana kamba wa Tanzania wanavuliwa zaidi upande wa Rufiji, kwenye delta yenye msitu wa mikoko wa makumi ya maelfu ya hekta, na Kenya kamba wako Ghuba ya Ungwana pale Mto Tana unapomwagika. Mto unaleta maji baridi na rutuba, mikoko inakamata tope na kuangusha majani, majani yanaoza na kuliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na watoto wa samaki. Ukivunja sehemu moja hapo, anayevua nje ya mwamba anaona nyavu nyepesi na hajui kwa nini.

Kwa hiyo mazalia ni mikoko tu?

Hapana, na hili tunaomba lishike. Hori, yani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lina vitu vinne vinavyotegemeana: mikoko, nyasi za bahari zilizo mbele yake, tope wazi linaloonekana maji yakitoka, na mkondo wenyewe wa maji. Tope wazi linaonekana kama sehemu tupu lakini humo ndo wanawake wanaokota kombe na ndo ndege wanakula. Nyasi za bahari ndo shamba la tasi. Mtu akija na wazo la kupanda mikoko juu ya nyasi au juu ya tope wazi ambalo halijawahi kuwa na mikoko, mkatalie kwa upole lakini mkatalie, maana mara nyingi miche yote inakufa, na ikipona mmebadilisha mazalia ya samaki mmoja kuwa ya mwingine bila kumuuliza anayemtegemea.

Mikoko iliisha vipi kwani, si watu walikata boriti tu?

Boriti na kuni zina mchango wao. Gazi kule Kwale miaka ya 1970 walikata sana kwa ajili ya kuni za viwandani na kuchomea chokaa, sehemu zingine zikabaki tope jeupe lisiloota kitu kwa miaka mingi. Lakini ukizunguka pwani utakuta sababu tofauti kila hori. Gongoni upande wa Magarini ni mabwawa ya chumvi. Delta ya Rufiji upande wa kaskazini ni mashamba ya mpunga. Hori la Tudor pale Mombasa ni maji taka ya mji pamoja na kuni. Hori la Mwache karibu na Mombasa ilikuwa mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, udongo ulishuka kutoka mashamba ya juu ukafunika mizizi ya kupumulia na miti ikafa imesimama.

Tunazitaja kwa sababu dawa inategemea ugonjwa. Mahali palipokufa kwa kukosa maji hapaponi kwa kupiga marufuku panga.

## Kabla ya kugusa mche

Tuna watu hamsini na miche tayari, tunaanza wapi?

Anzeni kwa kuiweka miche kando. Swali la kwanza ni hili: kwa nini hapa hapajaota penyewe? Mikoko inamwaga mbegu kila mwaka na bahari inazibeba bure, kwa hiyo mahali palipo karibu na msitu hai na bado ni patupu baada ya miaka mitano, kuna kitu kinazuia. Hicho kitu kitazuia na miche yenu vile vile.

Mara nyingi ni maji. Mikoko haioti popote maji ya chumvi yanapofika, inaota kwenye nusu ya juu tu ya eneo linalojaa na kupwa, yani kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu mpaka pale bamvua kubwa (maji ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanayojaa kuliko siku nyingine) linapoishia. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu mno, juu ya hapo chumvi inakauka kwenye udongo mpaka mizizi haivuti maji. Tofauti ya kimo cha magoti tu inatosha kuua kila kitu.

Namna ya kupima haihitaji mtaalamu wa mbali. Nenda kwenye msitu hai ulio karibu zaidi, angalia aina gani imeota wapi, alafu siku ya bamvua chomeka vijiti, vingine kwenye msitu hai na vingine pale patupu, na uweke alama maji yalipofika. Rudia siku ya maji mafu, yani siku ambazo maji yanajaa na kupwa kidogo. Kama pale patupu maji yanakuja juu zaidi na kukaa muda mrefu kuliko kwenye msitu, pameshuka au pamemomonyoka. Kama hayafiki kabisa, tafuta kilichoyazuia, na mara nyingi utakikuta: barabara ya kifusi isiyo na kalavati, tuta la bwawa la chumvi lililoachwa, mkondo mdogo ulioziba kwa mchanga. Piga hatua nyingine, chimba kiganja kimoja na unuse. Tope jeusi lenye harufu ya yai bovu ni kawaida mikokoni, lakini likiwa hivyo juu kabisa na hakuna hata tundu moja la kaa, hapo maji yamesimama na hayatembei.

Kuna sehemu ambazo kazi yote ni kutoboa tuta mahali pawili na kuzibua mkondo, watu ishirini na majembe siku chache, alafu mnasubiri. Miche inajiotea. Haipendezi kwenye picha kama watu wamevaa fulana zinazofanana wakipanda, tunajua, lakini ndo inayofanya kazi.

Lazima tupande basi?

Si lazima, soma swali lililopita. Panda pale ambapo maji yako sawa lakini mbegu hazifiki, mfano miti mama imekatwa yote karibu au mkondo unazipeleka upande mwingine. Gazi walianza majaribio ya kupanda mwaka 1991 pamoja na watafiti wa KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) akiwemo Dk. James Kairo, na walipanda kwa sababu yale maeneo yalikatwa mpaka hapakubaki miti ya kumwaga mbegu. Baadaye watafiti walipopima walikuta kaa wamerudi chini ya mikoko iliyopandwa na aina zingine zinajiotea zenyewe kivulini, kwa hiyo kupanda si kosa, ni dawa ya ugonjwa wake.

Tunahitaji kibali? Si ni pwani yetu?

Mnahitaji, hata kama babu zenu walikata boriti hapo. Kenya mikoko yote ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, na inasimamiwa na Huduma ya Misitu, KFS. Njia ya jamii kuingia ni kuunda chama cha misitu cha jamii, CFA, chini ya Sheria ya Misitu ya 2016, kutengeneza mpango wa usimamizi na kusaini makubaliano. Uvuvi wenyewe uko chini ya BMU, yani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. Tanzania Bara mnaongea na TFS (wakala wa misitu wa serikali) na serikali ya kijiji, na BMU kwa mambo ya uvuvi. Zanzibar ni Idara ya Misitu na kamati ya shehia.

Ushauri wetu ni kwamba CFA na BMU zisiwe ni watu wawili wasioongea. Tumeona mahali msitu unalindwa vizuri na hapo hapo juya (wavu wa kukokota) linapita mlangoni kila siku, kwa sababu kamati ya miti na kamati ya samaki zinakutana sehemu mbili tofauti. Wekeni angalau watu wawili wanaokaa kwenye zote.

## Kupanda kwenyewe

Aina gani tupande?

Ile iliyoota jirani kwenye usawa ule ule wa maji. Kwa kawaida mlilana uko mbele kabisa unapigwa na bahari, alafu mkoko wenyewe ambao wengine wanauita mkaka, kisha msinzi na mkandaa kwa ndani, na mchu nyuma kabisa kwenye chumvi nyingi, ingawa mchu unapenda kutokea na mbele pia. Watu wanapanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi, unachomeka tu. Urahisi huo umeua miche mingi kwenye maeneo ya mlilana na ya mchu.

Nitajuaje mbegu imekomaa?

Kwa mkoko angalia pale mbegu ndefu inapoungana na tunda. Ikikomaa inatokea kola ya rangi ya njano hapo, na ukiishika na kuizungusha kidogo inatoka bila kulazimisha. Ya kijani yote bila kola iache mtini. Zile zilizoanguka ni nzuri pia ila zigeuze uzitazame, ukiona kitundu kidogo kama cha sindano na unga unga kuna mdudu ndani, tupa. Usivune mti mmoja ukaumaliza.

Zihifadhi kivulini kwenye gunia lenye unyevu. Wengine wanaziweka siku kadhaa kabla ya kupanda kwa sababu zikiwa mbichi kabisa kaa wanazipenda mno. Kuchomeka ni theluthi moja ya urefu ndani ya tope, ncha iliyochongoka chini (tumeona zimepandwa kichwa chini, watoto wa shule wanahitaji kuonyeshwa kwanza), umbali kama mita moja.

Mchu na mlilana ni habari nyingine. Mchu una tunda dogo lenye ganda ambalo linabanduka likilowa, mlilana una vimbegu vidogo vidogo ndani ya tunda la mviringo. Hizi zinataka kitalu, vifuko vya tope mahali ambapo bamvua linafika, mpaka ziwe na majani kadhaa.

Tupande lini?

Mbegu nyingi za mkoko zinaanguka kipindi cha masika kwa hiyo wengi wanapanda hapo, na maji ya mvua yanapunguza chumvi. Angalieni na mwezi. Sehemu za chini panda kwenye maji mafu ili mche upate siku chache za kutulia kabla maji ya nguvu hayajaja, sehemu za juu panda bamvua likiwa linakaribia ili usikae siku nyingi bila kuloweka. Upande unaopigwa na kusi moja kwa moja usipande mwezi ambao upepo umeanza kukaza, subiri.

Miche inakufa, tatizo nini?

Tazama inakufaje. Ikilala upande mmoja yote ni mawimbi au mkondo. Ikisimama lakini majani yakawa ya njano na kukauka kutoka ncha, chumvi imezidi au maji yamesimama. Ikikatwa chini kama kwa kisu ni kaa, na kaa wakiwa wengi ni habari njema kwa namna yake, pandeni mingi zaidi au tumieni iliyokaa kitaluni. Shina likijaa vijigamba vinavyoganda mpaka mche unalemewa, umepanda chini mno, mahali panapozama masaa mengi. Ikipotea sehemu ya juu yenye majani, ni mbuzi au ng'ombe au ngamia, na hapo dawa ni kuongea na mwenye mifugo.

Mlilana unaweza kukua vizuri alafu matawi yakaanza kufa kutoka juu, hapo pasua tawi utazame, kuna mdudu anayetoboa ndani na Gazi ameshasumbua sana. Kata matawi yaliyoshambuliwa yatoe nje ya msitu.

Na tafadhali miche ikifa msiongeze miche. Kikundi kinapanda, inakufa, kinapanda tena pale pale, mwaka wa nne watu wamechoka na hawaji tena hata ukija na wazo zuri. Rudini kwenye vijiti vya maji.

Mfadhili anataka tuandike idadi ya miche iliyopandwa, tufanyeje?

Mwandikieni, lakini pembeni yake wekeni idadi iliyo hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, hata kama hakuuliza. Wafadhili wengi wazuri wakiiona hiyo safu ya pili wanaanza kuiomba wenyewe. Kama mradi ni wa miezi kumi na miwili na pesa yote ni ya kupanda, ombeni sehemu ibaki kwa ajili ya kufuatilia na kuwalipa walinzi. Tunalisema kwa uchungu kwa sababu baada ya tsunami ya 2004 pesa nyingi sana ziliingia kwenye kupanda mikoko Asia na sehemu kubwa ya miche ikafa kwa kupandwa mahali pasipo pake, na makosa yale yale yanarudiwa kwetu leo.

## Samaki, kaa na chaza

Tukirudisha mikoko, samaki wataonekana lini?

Kaa wadogo na konokono wanarudi mapema, miaka michache tu kivuli kikishapatikana na majani yakianza kuanguka. Samaki wadogo wanaingia mizizi ikishakuwa mingi ya kujificha. Lakini nyavu za mtu wa nje kuonekana nzito, hiyo usimwahidi mtu tarehe. Inategemea msitu uliobaki ni mkubwa kiasi gani, mto juu unaleta nini, na watu wanavua vipi. Kikundi kilichoahidi kijiji kwamba samaki watajaa baada ya miaka miwili kinapoteza heshima mwaka wa tatu.

Hesabu mapema mnachoweza kuhesabu wenyewe. Chagueni sehemu tatu, moja yenye msitu hai, moja mliyorudisha na moja tupu, muhesabu matundu ya kaa kwenye mraba wa mita moja kila miezi mitatu siku ya maji mafu. Daftari, kamba ya kupimia, simu ya kupiga picha, basi. Baada ya miaka mitatu hilo daftari lina thamani kuliko ripoti ya mtu aliyekuja siku mbili.

Lazima tufunge uvuvi?

Si lazima kufunga hori lote na mara nyingi si haki, maana wanaovua humo ndani ni wale wasio na mashua: wanawake, vijana, wazee. Kinachoua kizazi ni zana. Juya linalokokota nyasi za bahari, nyavu za macho madogo, na kutanda kwa vyandarua mlangoni mwa mkondo wakati watoto wa kamba wanaingia. Kufunga mkondo mmoja au miwili ya malezi kwa miezi kadhaa, kwa makubaliano ya kijiji chenyewe na tarehe ya kufungua inayojulikana na kila mtu, kunawezekana. Pemba wana uzoefu wa kufunga kwa muda kwenye pweza na kilichowasaidia ni kwamba siku ya kufungua watu wote wanaiona faida kwa macho yao.

Kabla hamjafunga chochote kaeni na wanaotumia pale, si wenye mashua peke yao. Mkutano ukiitwa saa ambayo maji yametoka, wanawake wote wako pwani wanaokota na maamuzi yanafanyika bila wao. Angalieni maji kabla ya kupanga saa ya mkutano.

Kunenepesha kaa kunasaidia mikoko?

Kunasaidia kama kunafanywa kwa kiasi. Faida ni kwamba unachukua kaa mkubwa aliyekonda, unamlisha wiki chache kwenye kizimba, unauza kwa bei nzuri, na watu wanaona msitu una pesa bila kukatwa. Kwenye hori la Mida karibu na Watamu vikundi vimefanya hivyo kwa miaka.

Ubaya unaanza pale watu wanapokusanya kaa wadogo kwa wingi kuwajaza vizimbani, kwa sababu karibu mbegu yote ya kaa kwetu inatoka porini, kwa hiyo unakuwa unavua kesho yako. Kaa wanakulana pia ukiwaweka pamoja, kila mmoja anataka chumba chake. Na chakula chao ni samaki wadogo, mkianza kuvua watoto wa chaa ili kulisha kaa mmerudi nyuma. Kanuni tunayoipendekeza: kaa mdogo anarudishwa, jike mwenye mayai anarudishwa, na vizimba havijengwi kwa boriti za mkoko.

Chaza wa kwenye mizizi ni salama kula?

Inategemea maji. Chaza na kombe wanachuja maji kutwa nzima, kwa hiyo kilichomo kwenye maji kinabaki ndani yao. Hori lililo mbali na mji, wapikwe vizuri na hatari inapungua sana. Hori linalopokea maji taka kama Tudor, usile na usiwape watoto, hata wakipikwa bado kuna madini mazito ambayo moto hauyaondoi. Mkitaka kuuza hotelini wapelekwe kupimwa kwanza. Na msikate mzizi kuchukua chaza, bandueni kwa kisu, mzizi ndo nyumba ya wanaofuata.

## Pesa

Tumesikia Gazi wanauza hewa, na sisi tunaweza?

Wanauza kaboni ndio, yani wanalipwa kwa kaboni inayobaki imefungwa msituni bila kurudi hewani. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kwenye hekta 117 za Ghuba ya Gazi, vijiji vya Gazi na Makongeni, chini ya kiwango cha Plan Vivo (shirika linalothibitisha miradi ya kaboni), na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Equator. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na msitu wa hekta 460. Pesa imeingia kwenye maji ya kijiji, shule na mambo mengine ambayo mkutano wa kijiji umeamua.

Lakini muelewe mambo matatu kabla ya kuota. Kwanza, sehemu kubwa ya kaboni inayouzwa ni ya msitu wa asili uliolindwa usikatwe, si miche mipya, kaboni nyingi ya mikoko iko kwenye udongo chini na imejikusanya kwa mamia ya miaka. Pili, kwa msitu mdogo ni maelfu ya dola kwa mwaka, si utajiri, na ukigawa kwa kila nyumba ni kidogo sana, ndo maana waliamua itumike kwa mambo ya wote. Tatu, nyuma yake kuna miaka ya vipimo vya watafiti na makaratasi. Na walipanda miti ya mvinje pembeni ili watu wapate kuni na boriti mahali pengine, maana ukizuia watu mikokoni bila kuwapa pa kwenda wanahamia msitu wa jirani na hujaokoa chochote.

Amekuja mtu na mkataba wa kaboni wa miaka mingi, tusaini?

Msisaini siku hiyo. Ulizeni nani anamiliki hizo krediti (vipimo vya kaboni vinavyouzwa), nani anauza, bei itajulikana vipi, nani analipa gharama za kupima, na mnatokaje kwenye mkataba mkitaka kutoka. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, mara mbili. Kenya marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka makubaliano ya maendeleo ya jamii yaandikwe, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama za uendeshaji. Hayo maneno "baada ya gharama" yasomeni kwa makini, gharama zinaweza kumeza kila kitu, ziombeni kwa maandishi. Tanzania ina kanuni zake za biashara ya kaboni za 2022, nendeni halmashauri na TFS kabla ya kusaini.

## Visa vigumu

Udongo unashuka kutoka juu kila mvua na kufunika mizizi. Tufanye nini, mto si wetu?

Hapa ndo kazi ya horini inapofikia mwisho wake. Mizizi ya kupumulia ikifunikwa kabisa mti unakufa, ndo yaliyotokea Mwache. Mnaweza kuchagua aina zinazovumilia kidogo, mnaweza kuzibua mikondo, lakini kama mashamba ya juu hayana makingamaji na kingo za mto zimelimwa mpaka majini mtazibua kila mwaka. Tumieni jumuiya ya watumia maji ya bonde lenu, pelekeni wavuvi wakae na wakulima. Tatizo la kinyume nalo lipo: bwawa likijengwa juu, tope linalojenga delta linabaki bwawani na pwani inaanza kuliwa. Rufiji sasa ina bwawa kubwa la Julius Nyerere, na wanaoishi deltani waanze kuweka alama za ukingo leo, tarehe na picha, ili mabadiliko yakija wawe na ushahidi.

Wakulima wa mpunga wako ndani ya eneo tunalotaka kurudisha.

Msiende na polisi kwanza. Mkulima wa delta anajua chumvi kuliko mtu yeyote, akiona magugu na chumvi vimezidi anahama mwenyewe. Yale mashamba yaliyoachwa ndo ya kuanzia: vunjeni matuta maji yaingie, na subirini. Mashamba yanayolimwa bado ni mazungumzo ya muda mrefu kati ya kijiji, TFS na wenyewe, na mtu aondoke akijua atalima wapi.

Mafuta yalimwagika, tupande tena?

Bado. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika bandarini Kilindini, Mombasa, yakaingia hori la Port Reitz na kuua mikoko mingi, na tope lenye mafuta linakaa hivyo miaka mingi kwa sababu chini hakuna hewa ya kuyaozesha. Chimba, kama tundu linajaa maji yenye rangi rangi juu, chomeka miche kumi ya majaribio usubiri mwaka. Wakati huo huo andikeni hasara: nani alikuwa anavua pale, zana gani, alipata kilo ngapi.

Hilo la kuandika linahusu na miradi mikubwa ya ujenzi. Kesi ya bandari ya Lamu, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76, na moja ya hoja ilikuwa kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ya namna hiyo inaanza na orodha ya wavuvi, kwa hiyo daftari la BMU liwe la kweli na la kila siku.

Sisi tumelinda, kijiji jirani wanakuja kuvua na kukata. Tuwazuie?

Kisheria Kenya BMU inaweza kuweka sheria ndogo za eneo lake na KFS inashughulikia ukataji, kwa hiyo njia ya kuripoti ipo. Ila kwanza jueni walikuwa wanavua pale tangu lini. Maji hayana ukuta na mvuvi wa jirani mara nyingi ana haki ya zamani kuliko kamati yenu. Waiteni wapime vijiti na nyinyi, wahesabu matundu ya kaa na nyinyi, alafu mpange pamoja mkondo upi unafungwa na lini. Wakikataa kabisa na wanatumia juya au vyandarua, hapo ni afisa wa uvuvi, na mpeleke picha, tarehe na namba za mashua, si majina ya uvumi.